Silikoni, Mafuta na Tritimenti: Nani Atangulie Kichwani?

Mwaka huu wanachama wenzangu wamenikabidhi kurasa hizi niandike somo lolote nitakalo, almuradi liwe na manufaa na liwe kwa Kiswahili. Nimechagua nywele. Nyinyi wavulana msigeuze ukurasa upesi. Tunawajua mnaofuga nywele likizoni na kujipaka vitu vya dada zenu kwa siri.

Kilichonichochea ni mkasa wa rafiki yangu mmoja wa kidato cha nne. Likizo ya Desemba alienda saluni moja hapa mjini Kakamega mara 3 katika wiki 5 kufanyiwa tritimenti, yaani kupakwa kondishena nzito na kukalishwa chini ya mashine ya mvuke. (Wasusi huiita stima, ingawa sisi wengine tukisikia stima tunakumbuka ile inayopotea wakati wa prepu.) Kila mara alilipa sh. 800. Siku ya kwanza nywele zilimetameta. Siku ya tatu zilikuwa kavu kama majani ya mahindi, na kitana kilitoka na vipande. Mara ya mwisho akaambiwa, "Dada, nywele zako ni ngumu, zimekataa tritimenti. Heri tukuwekee dawa zilainike."

Aliponijia nilimuuliza anajipaka nini nyumbani. Akanionyesha chupa ya seramu na kopo la mafuta ya mbarika. Kila asubuhi alipaka matone ya seramu, kisha mafuta juu yake. Tangu shule zifungwe hakuwa ameosha kwa shampuu hata mara moja, kwani alisikia ati shampuu hukausha nywele. Kule saluni nako walimsuuza kwa maji ya uvuguvugu tu kabla ya kumpaka kondishena. Basi nikamwambia: nywele zako hazijakataa kitu, tritimenti yenyewe haijazifikia.

Hebu sasa tufungue daftari. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini. Nje yake kuna magamba madogo yaliyolaliana kama nyasi za kuezekea nyumba, yakielekea chini kutoka shinani hadi nchani. Nywele za singa ni nyoofu, na mafuta ya ngozi huteremka juu yake bila taabu. Nywele zetu za kipilipili hujipinda na kujisokota. Ukiukata unywele wetu na kuutazama kwa hadubini utaona si duara kamili, bali umebonyea kidogo. Mafuta ya ngozi hupata shida kuzunguka kona zote hizo, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Ndiyo sababu tunahitaji vitu vya kupaka zaidi ya wenye singa.

Silikoni ni nini? Hapa Kiswahili chetu kinatutatiza kidogo, maana neno hili moja hutajia vitu viwili. Kuna elementi namba 14, ambayo huunda sehemu kubwa ya mchanga. Halafu kuna zao la kiwandani, mnyororo mrefu wa atomu za silikoni na oksijeni zikipokezana, na pembeni vikundi vidogo vya kaboni na haidrojeni visivyopatana na maji. Zao hili la pili lilipewa jina na mwanakemia Frederic Kipping wa Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi katika somo hili nikisema silikoni namaanisha hilo.

Seramu nyingi za nywele ni silikoni tupu au karibu tupu. Ukiipaka hutandaza utando mwembamba juu ya magamba. Kitana huteleza, nywele hazisuguani sana, mwanga hurudi vizuri zikang'aa, na joto la blodrai au pasi ya nywele haliingii kwa ghafla. Pasi nyingine hufika nyuzi 200 za selisiasi, kwa hiyo kinga hiyo si jambo dogo.

Wapo wanaosema silikoni ni sumu kwani huziba nywele zisipumue. Waama, unywele haupumui. Ukishatoka kwenye ngozi umekwisha kufa, ndiyo maana kinyozi akikukata hulii. Unalishwa na damu kutoka shinani tu. Lawama ya haki juu ya silikoni ni nyingine kabisa: aina nyingi haziondoki kwa maji matupu.

Nasema aina nyingi kwa sababu haziko sawa. Dimethikoni hung'ang'ania mpaka iondolewe na shampuu. Saiklopentasiloksani huvukiza yenyewe. Kazi yake ni kubeba wenzake na kuwasambaza. (Umoja wa Ulaya uliwekea mipaka hii ya pili katika bidhaa za kuosha na kusuuza tangu tarehe 31 Januari 2020, lakini hiyo ni kwa ajili ya mazingira ya majini, wala si kwa kuwa inakata nywele.) Amodimethikoni ina chaji chanya, hivyo hushika zaidi pale unywele ulipoumia. Na zile ambazo jina lake linaanza na herufi PEG nyingi huyeyuka katika maji. Dukani, soma orodha iliyo nyuma ya chupa: jina likiishia kwa "cone", "conol" au "xane", jua hiyo ni silikoni. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo ikiwa ya kwanza au ya pili, umeshika chupa ya silikoni hata kama mbele wamechora nazi kubwa.

Tuje kwa mafuta. Watu husema, "Nywele zangu ni kavu, wacha nizipake mafuta." Mafuta si maji! Hayalowanishi unywele, huchelewesha tu maji yaliyomo yasitoroke. Desemba hadi Februari, mvua yetu ya Kakamega inapopungua na jua likawa kali, kumwagia mafuta juu ya nywele kavu ni kufunika sufuria isiyo na kitu.

Tena mafuta hayafanani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha uchunguzi uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza sana protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa. Asidi yake kuu, ya lauriki, ni molekuli fupi iliyonyooka na hupenda protini, kwa hiyo hupenya ndani. Kumbe bibi zetu wa Kilifi na Kwale wanaochemsha tui mpaka mafuta yapande walikuwa na maabara yao jikoni. Mafuta ya mbarika, ambayo mimea yake tunaiona ikijiotea uani, ni mazito na hukaa zaidi juu. Si mabaya, lakini yasitarajiwe kufanya kazi ya nazi.

Sasa yule rafiki yangu alipaka silikoni kwanza, mafuta baadaye. Nilichukua seramu yake kidogo na mafuta yake ya mbarika, nikavitia katika chupa safi ya dawa, nikatikisa kwa nguvu. Yakawa meupe kama uji. Baada ya muda yakaanza kutengana. Hivyo ndivyo yalivyokuwa kichwani pake, tabaka juu ya tabaka, na vumbi la barabarani likija kukaa juu.

Jaribio la pili lilikuwa la nywele zenyewe. Nilikusanya zilizotoka kwenye kitana chake nikafunga vishungi viwili kwa uzi. Vyote niliviosha kwa shampuu mpaka vikawa safi. Kimoja nikakipaka seramu, kingine nikakiacha. Vilipokauka nilidondoshea kila kimoja tone la maji kwa dropa ya maabara. Kwenye kishungi kitupu tone lilizama. Kwenye chenye seramu lilikaa juu kama umande kwenye jani la nduma. Tahadhari lakini: unywele mzima usiowahi kuchomwa wala kutiwa dawa pia hukawia kunyonya maji. Kwa hiyo usilinganishe nywele zako na za mwenzako. Linganisha zako safi na zako zilizopakwa.

Kondishena hufanyaje kazi? Uso wa unywele, hasa ulioharibika, una chaji hasi. Katika kondishena kuna molekuli zenye kichwa cha chaji chanya na mkia wa mafuta. Kwenye orodha utaona majina yanayoishia kwa "trimonium". Kichwa hushika unywele, mkia hubaki nje ukilainisha. Ni kama vijana wanaotafuta viti matatuni. Wakikuta matabaka ya silikoni na mafuta yamekwisha kukaa, viti vilivyobaki ni vichache, na maji ya kusuuzia huwateremsha wengi. Mng'ao ule wa siku ya kwanza ni wa juu juu tu. (Mkiona "cetyl alcohol" au "stearyl alcohol" msishtuke. Hizo ni alkoholi za mafuta, hulainisha, hazikaushi kama spiriti.)

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Mafuta ya nazi yatangulie, usiku wa kuamkia siku ya kuosha au hata saa moja kabla. Ifuate shampuu, na kama umekuwa ukitumia silikoni, osha mara mbili. Hapo ndipo kondishena nzito inapoingia, kichwa kikiwa kisafi na kimelowa, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, aghalabu dakika 15 hadi 30. Asiye na mashine ya mvuke avae kofia ya plastiki na kujifunga taulo la moto. Msitafute karatasi za nailoni za sokoni, hizo zilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017. Kulala na kondishena usiku kucha hakuongezi kitu kikubwa, isipokuwa kulowesha mto.

Baada ya kusuuza, wengi hukosea kwa kutaka vyote viwili, mafuta na seramu. Maoni yangu ni kuchagua kimoja. Siku ya blodrai chagua silikoni, matone machache kabla ya joto, maana hiyo ndiyo kazi inayoiweza kuliko mafuta. Siku ya kusukwa chagua mafuta kidogo nywele zikiwa bado na unyevu, uiache seramu. Nywele zikisukwa hukaa wiki 4 au 6 bila kuoshwa vizuri, na silikoni inayorudiwa kila asubuhi haina pa kwenda. Hapo ndipo lilipoanzia lile la rafiki yangu, kabla hata hajafumua.

Swali ninaloulizwa sana bwenini: je, naweza kuchanganya mafuta ndani ya kondishena? Unaweza, kijiko kimoja cha chai kwa kiganja kilichojaa. Kondishena ni mafuta na maji yaliyopatanishwa kwa hesabu ya kiwandani. Ukimimina kikombe kizima upatanisho unavunjika, na unabaki na mafuta yasiyosuuzika. Mchanganyiko wa yai na parachichi nao unapendwa sana huku kwetu. Parachichi lina mafuta, halina ubaya. Yai halipenyi, kwa sababu protini yake ni kubwa mno. Na ukilisuuza kwa maji ya moto litaiva hapo hapo kichwani, utashinda ukichambua mayai ya kukaanga masikioni.

Wenye mba wapake mafuta kwenye nywele, si kwenye ngozi. Kuvu wa Malassezia anayehusika na mba hula mafuta hayo hayo. Na sabuni ya kufulia, tunayoitumia tukiishiwa, ina ualkali mwingi. Huinua magamba na kuziacha nywele zikikwaruzana.

Nimelichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu ya lile neno, "tukuwekee dawa". Dawa ya kulainisha ni alkali kali inayovunja vifungo vya keratini moja kwa moja. Haina kurudi nyuma. Tena Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 33,947 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 11. Kwa wasiowahi kutumia bidhaa za kunyoosha nywele, walikadiria kuwa asilimia 1.64 hupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, asilimia 4.05. Uchunguzi wa namna hiyo huonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo, mtu mzima akitaka kuiweka aiweke kwa hiari yake, si kwa kudanganywa kwamba nywele zake zimekataa kondishena ilhali hazikuoshwa.

Rafiki yangu hakuiweka. Aliosha mara mbili kwa shampuu, akapaka kondishena ya aina ile ile waliyompaka saluni, akakaa dakika 30. Kitana kilipita. Ncha zilizokwisha kukatika hazikuungana, kwa sababu hakuna chupa inayounga unywele uliokufa. Alizipunguza kama sentimita 2.

Kwa mwenye pesa ya kununua kitu kimoja tu likizo ijayo, ningesema shampuu. Pesa ikiongezeka ni kondishena, halafu mafuta ya nazi. Seramu ingoje siku ya blodrai. Vile vishungi viwili bado ninavyo ndani ya bahasha, katika kabati la maabara. Atakayetaka kuipima chupa yake aombe ruhusa kwa mwalimu wa Kemia, aje na nywele zake za kitana. Dropa tutamwazima.