Stara Si Kuificha Dhulma

Vijana wa darsa letu wametuuliza: kijana aonapo dhulma, naye hana cheo wala mali, limpasa nini? Na ikiwa aliyedhulumiwa si wa dini yetu wala wa mji wetu, je, latuhusu? Twaona ni bora jawabu litanguliwe na kisa cha kweli, kilichotokea Meru, katika nchi ya mlimani jirani ya Embu.

Tarehe 11 Oktoba 2012, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiadhimisha kwa mara ya kwanza kuwa Siku ya Mtoto wa Kike duniani, watoto wa kike 11 waliwashitaki polisi katika Mahakama Kuu ya Meru. Watoto hawa walikuwa wamenajisiwa, wakapeleka malalamiko yao, nayo yakapuuzwa, yasichunguzwe kama ipasavyo. Jumuiya ya Ripples International ya hapo Meru ikasimama pamoja nao, na wanasheria wa Kenya wakasaidiwa na wenzao wa Kanada. Basi shitaka lilikuwa juu ya wale waliopewa amana ya kuwalinda watoto, wasiitekeleze.

Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau alikata hukumu kwamba uzembe ule wa polisi ulivunja haki za watoto hao zilizomo katika Katiba ya 2010 na katika mikataba ya mataifa ambayo Kenya imejifunga nayo; na kwamba mhalifu asipofuatwa, huwapa wengine ujasiri wa kufanya kama yeye. Akaamuru uchunguzi ufanywe upesi na kwa ukamilifu. Hukumu hiyo ikawa ngao ya kila mtoto wa Kenya, wala si ya hao 11 peke yao.

Sasa natutazame mambo mawili.

La kwanza ni stara. Twajua sote kwamba huku kwetu, mtoto akifikwa na msiba kama huu, wazee hukutana usiku, yakamalizwa kwa fedha au kwa kuozeshana, kisha ikasemwa: tumesitiri. Lakini ni nani aliyesitiriwa hapo? Ni mwenye kosa; ama mtoto, ameachwa na jeraha lake. Tazama mahakama ya Meru ilivyofanya: majina ya watoto yalifichwa, yakaandikwa kwa herufi tu, na kosa likawekwa wazi. Hiyo ndiyo stara. Na Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nisaa, ametuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu au jamaa zetu.

La pili ni wale wasemao: hao si wetu. Twawajibu kwa Hilful-Fudhuul. Mtu mgeni kutoka Zabid, katika Yaman, aliuza bidhaa yake Makka, mkubwa mmoja akamnyima thamani yake. Watu wa Makka wakakutana nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an, wakaapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwapo, naye ni kijana, hajapewa Utume, na baada ya Uislamu akasema kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama hilo, angeitika. Basi kiapo kilichofungwa na watu wasiokuwa Waislamu kilisifiwa na Mtume, kwa kuwa haki haiulizwi kabila.

Enyi vijana, kazi yenu ni hii. Mtoto akiwaambia jambo, msimkemee wala msimtie aibu. Mpelekeni kwa mtu mzima mnayemwamini, kisha hospitali upesi, asioshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Na shauri liandikwe polisi. Wakipuuza, waambieni ilivyohukumiwa Meru.

Nanyi wazee wetu, tunasema kwa heshima: Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, wala kuiondoa kesi kama hiyo si amri ya jamaa wa pande mbili. Watoto wale wa Meru walisimama mbele ya serikali. Je, sisi tushindwe kusimama mbele ya jirani?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wasimamao na haki. Amin.