Chungu cha Maharage: Zana ya Kufundishia Mambo ya Jamii

Wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, malalamiko mawili husikika mara kwa mara. La kwanza ni kwamba shule hazina zana. La pili ni kwamba watoto huyaona mambo ya taifa na ya dunia kuwa ya mbali mno, hivyo huyakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau mara kalamu zinapowekwa chini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dawa ya malalamiko yote mawili imo jikoni.

Kanuni ya ualimu inatutaka tuanzie kwenye linalojulikana, ndipo twende kwenye lisilojulikana. Hakuna mtoto wa Darasa la Tano asiyejua ugali na maharage. Amekwisha kuona yakipikwa, pengine ameyapika mwenyewe. Kazi ya mwalimu si kumfundisha kupika, bali kumsaidia aone kwamba ndani ya chungu hicho mna historia, jiografia, sayansi, hesabu na mambo ya utawala.

Wahenga walisema: figa moja haliinjiki chungu. Basi, na somo letu tuliinjike juu ya mafiga matatu: kilichomo chunguni, kilicho chini ya chungu, na aliye kando ya chungu. Kila figa lifundishwe kwa vipindi viwili.

Figa la kwanza: kilichomo chunguni

Waulize watoto: vyakula hivi ni vya asili ya wapi? Wengi watajibu kwamba ni vya kwetu tangu enzi za mababu. Hapo ndipo pa kuwashangaza. Mahindi yalianza kulimwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na aina ya nyasi pori. Maharage nayo asili yake ni Amerika, na nyanya kadhalika. Mahindi yalifika Afrika baada ya safari za Wazungu za kuvuka Bahari ya Atlantiki, zilizoanza mwaka 1492. Kabla ya hapo wazee wetu walikula mtama, uwele na ulezi, nafaka zenye asili ya bara hili. Mtoto akilijua hilo, hujifunza kwamba hata jambo tunaloliita mila lilikuwa na mwanzo wake, na kwamba watu hubadilika bila kupoteza utu wao.

Sayansi nayo imo humo humo. Protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubisho kiitwacho laisini, ambacho maharage yanacho kwa wingi. Vikiliwa pamoja, kimoja hujaza pengo la kingine.

Kisha chukua kijiko cha chumvi. Onyesha kwenye ramani Uvinza, mkoani Kigoma, ambako chumvi imetengenezwa kwa karne nyingi kutokana na chemchemi za maji ya chumvi. Waeleze watoto kwamba kila mtu huhitaji chumvi, tajiri kwa maskini, na kwa sababu hiyo watawala wa nchi mbalimbali waliitoza kodi. Huko India, serikali ya Waingereza ilikuwa imehodhi chumvi na kuitoza ushuru. Mwaka 1930 Mahatma Gandhi alitembea kwa miguu kiasi cha kilometa 385, kutoka Sabarmati hadi ufukwe wa Dandi, akaokota chumvi kwa mkono wake ili kuivunja sheria hiyo. Maelfu walimfuata, na wengi walifungwa. Mtoto aliyesikia habari hiyo huku kijiko cha chumvi kiko mbele yake hatauliza tena siasa inamhusu nini mtu wa kawaida.

Figa la pili: kilicho chini ya chungu

Figa hili lifundishwe kwa jaribio. Siku iliyotangulia, pima maharage nusu kilo mara mbili. Fungu moja liloweke usiku kucha. La pili liache kavu. Kesho yake mwaga maji ya kuloweka, kisha pika mafungu yote kwa vyungu viwili vinavyolingana, nje ya darasa. Watoto wapime kuni za kila chungu kwa mzani kabla ya kuwasha, wapime zilizosalia maharage yakiisha kuiva, na waandike saa ya kuanza na ya kumaliza. Wataona wenyewe kwamba yaliyolowekwa huwahi kuiva. Mwalimu asiwaambie matokeo mapema. Atakuwa amewanyang'anya somo lao.

Kutoka hapo waingie kwenye hesabu. Tuseme wamekuta tofauti ya kilo 1 ya kuni. Nyumba inayopika maharage mara 3 kwa juma itaokoa kilo 3 kwa juma, na kilo 156 kwa majuma 52. Ikiwa mzigo mmoja wa kuni una kilo 20, hizo ni karibu safari 8 za porini ambazo mtu hatazifanya.

Sasa panua duara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia. Mwezi wa Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Yagawe makundi, kila kundi lijadili swali hili: ni mambo gani yanayoweza kuizuia nyumba ya kijijini kwetu kuacha kuni? Watataja bei ya mtungi wa gesi, umbali wa duka, hofu ya moto, mazoea. Yaandike yote ubaoni bila kuyasahihisha. Huo ndio mwanzo wa raia anayeweza kuupima mpango wa nchi yake, badala ya kuupigia makofi au kuubeza bila kuuelewa.

Figa la tatu: aliye kando ya chungu

Chora ubaoni jedwali la kazi: kuteka maji, kutafuta kuni, kupeta na kusaga, kupika, kuosha vyombo. Mbele ya kila kazi watoto waandike ni nani huifanya mara nyingi kijijini, na huchukua muda gani. Jumlisha saa za wanawake na wasichana, halafu za wanaume na wavulana. Mara nyingi jedwali lenyewe litasema, na mwalimu hatakuwa na haja ya kuhutubia. Katika lile jaribio la maharage, hakikisha wavulana wanakoleza moto na wasichana wanashika mzani. Tukigawa kazi kama zilivyogawanywa nyumbani, tutakuwa tumefundisha kinyume cha tulichokusudia.

Tahadhari

Somo hili lina hatari moja kubwa. Kamwe usiulize, “Jana mlikula nini kwenu?” Darasani yumo mtoto ambaye jana hakula. Akisema kweli, atachekwa; akisema uongo, utakuwa umemfundisha kuficha. Uliza daima juu ya vyakula vya kijiji, si vya nyumba ya mtu. Wala usimwagize mtoto kuleta maharage au kuni kutoka kwao. Vitu hivyo vitoke shuleni. Na vyungu vikiisha kuiva, chakula kigawiwe wote sawasawa, bila kuuliza nani ana njaa.

Lipo pia jambo linalomgusa mwalimu mwenyewe. Jedwali la figa la tatu laweza kuonyesha kwamba msichana anayefika amechelewa kila siku ndiye anayeamka alfajiri kuteka maji na kuwasha moto wa uji wa wadogo zake. Mwalimu aliyekwisha kulisoma jedwali hilo hawezi tena kumwadhibu kama mvivu. Hana budi kuzungumza na wazazi wake kwa heshima, na kulifikisha suala hilo kwenye kikao cha walimu. Somo lisipombadilisha mwalimu kwanza, litawabadilishaje watoto?

Zoezi kwa wanachuo

1. Andaa somo la dakika 40 juu ya figa mojawapo, ukitumia chakula kikuu cha mahali utakapofanya mazoezi: ndizi, muhogo, mtama au wali.

2. Andika maswali matano ya kuwauliza watoto. Yapitie na mwenzako, mfute kila swali linaloweza kumwaibisha mtoto wa nyumba yenye dhiki.

3. Fanyeni jaribio la maharage katika jiko la chuo, mkokotoe kiasi cha kuni ambacho chuo kinaweza kuokoa kwa muhula mmoja, na mjadili namna ya kuyafikisha matokeo hayo kwa mkuu wa chuo.