Somo la Kompyuta: Nakala Rudufu Inapogoma kwa Tofauti ya Matoleo

Jumuiya ikiweka majina ya wanachama na michango yao katika hifadhidata ya PostgreSQL, hiyo ni amana. Amana haitunzwi kwa kuwa na faili la nakala tu. Hutunzwa kwa nakala inayorejesheka.

Chanzo cha tatizo
Programu ya pg_dump hukataa kusoma seva ambayo toleo lake kuu ni jipya kuliko lake. Seva ikipandishwa hadi 16 na pg_dump ikabaki 14, itasimama kwa ujumbe "server version mismatch". Kinyume chake hakina shida: pg_dump 16 husoma seva 14.

Hatari iliyojificha
Tuseme kila usiku inaendeshwa amri hii:
pg_dump jumuiya > nakala.sql
Alama ya > hulifuta faili la jana kabla pg_dump haijaanza kazi. Ikigoma, unabaki na faili la baiti 0, na nakala nzima ya jana imepotea.

Tiba
1. Linganisha matoleo: pg_dump --version, kisha SHOW server_version, ndani ya seva.
2. Sakinisha pg_dump ya toleo la seva. Kwenye Ubuntu, ya 16 hukaa /usr/lib/postgresql/16/bin.
3. Kila nakala ipe jina lenye tarehe.
4. Irejeshe kwenye hifadhidata tupu, uhesabu safu.

Zoezi: Tazama ukubwa wa nakala yako ya jana. Je, ni baiti ngapi?