Usimwambie Bibi "Kaa, Utachoka"

Katika nyumba nyingi za Kipevu, bibi akishika ufagio, mjukuu humpokonya. Akisogeza mbuzi akune nazi, huambiwa, "Kaa bibi, utachoka." Nia ni njema, na ni heshima. Lakini miezi ikipita, bibi yule yule aliyekuwa akienda dukani peke yake huanza kuhitaji mkono wa mtu ili ainuke kitini. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na familia ifanye nini.

Kwa nini mzee hulegea

Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na hupungua haraka zaidi isipotumiwa. Miguu ikikosa nguvu, mzee huanguka. Akianguka mara moja, huogopa kutembea, na asipotembea hulegea zaidi. Mzunguko huo ndio wa kukatwa mapema.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku 5, na zaweza kugawanywa asubuhi na jioni. Asiyeweza kufikia kiwango hicho aanze na kidogo. Kidogo ni bora kuliko kuketi kutwa.

Familia ifanye nini

1. *Mwachie kazi yake.* Kuchambua mchele, kukunja nguo, kumwagilia maua, kusuka ukili: yote ni mazoezi. Kazi ikienda polepole, subiri.

2. *Omba, usiamrishe.* "Babu, fanya mazoezi" humfanya ajione mgonjwa. "Babu, nisindikize dukani" humfanya ajue kwamba bado anahitajika.

3. *Tembeeni mapema.* Tokeni kabla jua halijawa kali, mkiwa na maji, maana wazee wengi hawahisi kiu upesi. Chagueni njia za ndani, mbali na matrela yanayoelekea bandarini. Avae viatu vinavyoshika mguu, si ndara zilizolika.

4. *Zoezi la kiti.* Egemeza kiti imara ukutani. Ainuke na kuketi taratibu mara 5, akishika meza ikibidi. Akizoea, aongeze hadi 10. Kisha ashike mgongo wa kiti na kuinua mguu mmoja kwa sekunde chache, halafu wa pili. Mtu awe karibu naye.

5. *Tengeneza nyumba.* Weka taa kwenye njia ya msalani, ondoa mikeka iliyojikunja, kausha sakafu ya bafu na uweke chuma cha kushikilia.

6. *Mwachie uamuzi.* Mzee anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi asindikizwe kuzichukua, lakini matumizi ayapange mwenyewe. Akili nayo hudhoofika isipopewa la kuamua. Baraza, bao na mazungumzo na wenzake pia humsaidia.

Lini kumwona daktari

Mzee mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aulize kwanza kituo cha afya kabla ya kuanza mazoezi mapya. Akihisi maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu, aache mara moja na apelekwe hospitali. Ikiwa ameanguka, hata kama hakuumia, mweleze mhudumu wa afya. Huenda sababu ni macho au dawa anazotumia, na yote mawili yana msaada.

Ni haki yake

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wajiendeleze, waishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Kumtunza mzee, basi, si kumketisha pembeni. Ni kumshika mkono pale anaposhindwa, na kumwachia pale anapoweza.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Wiki hii, chagua kazi moja uliyompokonya bibi au babu yako. Mpe shikamoo, kisha umwombe akusaidie kuifanya.