Gitaa la kwanza la umeme: ninunue lipi?

SWALI: Nimezoea gitaa kavu, sasa nataka kupiga solo za rumba. Mfuko wangu ni mdogo. Nichukue gitaa gani la umeme?

JIBU: Usimalize fedha zote kwenye gitaa, bakiza za amplifaya ndogo, waya na nyuzi za akiba. Kwa bei nafuu, angalia Squier, Epiphone au Yamaha Pacifica. Kwa rumba ningechukua Pacifica 112: vinasa sauti vyake viwili vya koili moja hutoa mlio mkali, safi, na cha tatu, cha koili mbili, hutoa mlio mnene. Daraja la Floyd Rose liache kwanza; kulitune ni kazi ndefu kwa anayeanza.

Ukipata la mtumba, likague kabla ya kulipa. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati: pawe na upenyo mwembamba tu. Ukiwa mkubwa, shingo imepinda. Mara nyingi fundi huinyoosha kwa kukaza chuma kilichomo ndani. Piga kila freti ukisikiliza kama uzi unakwaruza. Kisha chomeka waya, uutikise kidogo. Sauti ikikatikakatika, gharama ya fundi itoke kwenye bei ya muuzaji.