ELIMU YA AFYA: DAWA YA KUVUTA YA PUMU NA KIMO CHA MTOTO

Kiangazi kinapoingia na upepo kuinua vumbi katika nyanda za Dodoma, mtoto mwenye pumu hukohoa usiku, kifua humbana na pumzi yake hutoa mlio kama filimbi. Moshi wa kuni na mkaa humwongezea adha. Mtoto wa namna hiyo huweza kuandikiwa dawa ya kuvuta yenye steroidi, kama vile beklometasoni au budesonidi. Wapo wazazi wanaoiacha njiani kwa hofu kwamba humdumaza mtoto.

Dawa mbili, kazi mbili

Salbutamoli hulegeza misuli ya njia za hewa na kuleta nafuu ndani ya dakika chache. Steroidi haileti nafuu ya papo hapo. Hutuliza uvimbe ulio ndani ya njia hizo. Kwa sababu hiyo hutumika kila siku kama ilivyoelekezwa, hata siku ambazo mtoto anacheza vizuri.

Je, hupunguza kimo?

Hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Nchini Marekani na Kanada, watoto wenye pumu waliotumia budesonidi tangu wakiwa na umri wa miaka 5 hadi 12 walipimwa tena ukubwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kuwa walipungukiwa kimo kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko wenzao ambao hawakupewa dawa hiyo. Upungufu ulianza katika miaka ya mwanzo ya matibabu, wala haukuzidi kuongezeka baadaye. Huo si udumavu uletwao na utapiamlo.

Kwa upande mwingine, pumu isiyodhibitiwa nayo huchelewesha ukuaji, hukatiza usingizi na masomo, na huweza kuua. Sentimita moja haiwezi kulinganishwa na pumzi ya mtoto.

Mambo ya kuzingatia

1. Usiache wala kupunguza dawa bila ushauri wa daktari. Mwulize kama kipimo kinaweza kushushwa pumu ikishatulia.
2. Mpeleke mtoto kliniki apimwe urefu na uzito, na matokeo yaandikwe kwenye kadi yake.
3. Mtoto mdogo avute dawa kupitia chupa maalumu yenye kifuniko cha uso. Omba mhudumu akuoneshe namna ya kuitumia.
4. Baada ya kuvuta steroidi, mtoto asukutue na kutema maji, ili kuzuia utando mweupe mdomoni.
5. Mtoto asikae jikoni penye moshi, wala mtu asivute sigara karibu naye.

Dalili za hatari

Mtoto akishindwa kuzungumza au kunyonya, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, mpe salbutamoli na umkimbize mara moja kituo cha afya kilicho karibu. Usisubiri kupambazuke.