Kabla Hujabadili Kioo cha Fokasi

*Fundi kamera, Songea, anajibu barua za wasomaji*

Nimerithi Pentax K1000 ya babu. Nikichungulia naona madoa meusi na kama nywele. Nibadili kioo cha fokasi? (Barua za Bombambili, Mbinga na Peramiho zinauliza hilohilo.)

Usibadili. Ukibonyeza kupiga, kioo cha kuakisi kinaruka juu na mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye filamu. Kioo cha fokasi kimelala juu, kwenye njia ya jicho lako tu. Uchafu wake hautokei kwenye picha, hata uwe mwingi vipi. Picha ikiwa na doa, kagua lenzi, kagua filamu, kamuulize aliyeisafisha. Kumtoza mtu hela ya kioo kipya kwa sababu ya vumbi ni wizi, na wizi huo unafanyika. Mara nyingi hivyo vyeusi ni vipande vya sponji inayopokea kishindo cha kioo cha kuakisi: imeoza, inanata, inamomonyoka. Badili sponji.

Nikifute kwa spiriti?

Usithubutu. Ni plastiki laini. Kipulize kwa kipira cha hewa, basi.

Changu kimekwaruzika kweli. Nichukue kipi?

Nikon FM2 na Olympus OM-1 vioo vyake hutolewa kwa kibano kupitia mdomo wa lenzi. K1000 ni kazi ya fundi. Kwa FM2, aina ya kioo iitwayo K2 ina duara la katikati lililokatwa nusu mbili. Mistari ya unachokilenga ikiungana humo, fokasi imekaa. Ila ukiweka lenzi ya f/5.6, nusu moja inaingia giza. Mwenye lenzi hizo achukue B2, isiyo na duara hilo la nusu mbili. Mpiga majengo achukue E2 yenye mistari.

Kuna kinachosifiwa kung'aa maradufu.

Mita ya K1000 hupima mwanga uliokwisha kupita kwenye kioo hicho. Kikipitisha zaidi, mita inadanganyika na picha zinatoka na giza.

Nimebadili mwenyewe, sasa picha zote hazina fokasi.

Umbali wa lenzi hadi kioo lazima ulingane na wa lenzi hadi filamu. Huenda umekigeuza, upande wa ukungu hutazama chini. Au umepoteza vile vibati vyembamba vya kukiinua. Jipimie: toa filamu, fungua mgongo, bandika karatasi inayopitisha mwanga kwenye reli za filamu. Fungua lenzi yote, lenga ukingo wa Milima ya Matogoro hadi uone mkali unapochungulia, kisha shikilia shata kwenye B. Ukingo ukififia kwenye karatasi, mpelekee fundi kabla hujapoteza filamu nyingine. Nenda na kioo cha zamani. Anakihitaji kulinganisha unene.